Kompyuta Zilizovishwa Vitambaa

Umezoea kutazama pembeni, na usijitetee. Shuleni kwenu kuna chumba chenye nondo dirishani na kufuli mlangoni, unapita hapo kila ukienda kunawa mikono bombani. Unajua ndani kuna nini. Mwalimu anajua, mzazi wako anajua, kamati nzima ya shule inajua, na wote mnapita. Nikikuuliza mbona husemi, utaniambia wewe ni mtoto tu. Haya. Msikilize mtoto mwenzako wa Korogwe, kisha tutaona huo utoto unakuzuia nini.

Anaitwa Mwanaidi, binti wa Mzee Athuman, mchoma tofali. Wanakaa Kilole. Kila asubuhi Mwanaidi anateka maji, anafagia uwanja, anampelekea baba yake uji kwenye matanuri huko chini karibu na mto, ndipo anakwenda shule. Yuko darasa la sita. Jioni, kazi za nyumbani zikiisha, anaomba ruhusa na kwenda Masuguru kwenye banda la gemu la kaka Sajjad, lililo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la baba yake Sajjad.

Usikunje uso. Lile halikuwa banda la wahuni. Sajjad alikuwa na sheria zake: hakuna kuingia na sare kabla ya kengele ya kutoka, hakuna matusi, na msichana anacheza kama mvulana. Mwanaidi alikuwa hatari. Akishika pedi ya gemu kwa mikono miwili, vidole gumba vikianza kucheza juu ya vitufe, wavulana walikuwa wanatafuta visingizio mapema.

"Leo pedi yangu inateleza," alisema Ikram, mwanafunzi mwenzake, kabla hata mpira haujaanza.

"Jana ilikuwa inakwama, leo inateleza," Mwanaidi akamjibu. "Kesho itaumwa tumbo."

Banda zima lilicheka. Ikram naye akacheka, maana yeye alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mweupe.

Kisha siku moja Sajjad akaleta mashine mpya. Aliagiza Dar es Salaam, ikaja na basi, ndani ya boksi linalong'aa. Watoto walijazana mpaka mlangoni. Sajjad akaitoa taratibu, akaifuta kwa shati lake, akaiweka mezani. Ikram akaizunguka, akainama, akaipapasa ubavuni.

"Kaka Sajjad, mdomo wake uko wapi?"

"Mdomo gani?"

"Wa kuingizia diski."

Sajjad akaigeuza. Akaigeuza tena. Haikuwa na mdomo. Ile rafu yake yote ya diski alizokusanya tangu akiwa mvulana ilikuwa imebaki pambo la ukutani. Akaiwasha. Mashine ikataka intaneti, akaipa. Ikataka jina, akaipa. Ikataka achague nchi yake kwenye orodha ndefu. Alishusha kidole, akapandisha, akashusha tena. Nchi yetu haikuwamo.

"Labda wametuandika kwa jina lingine," alisema Ikram kwa sauti ndogo.

Sajjad alirusha pedi juu ya kochi. "Nimenunua nyumba, mwenye nyumba amebaki na ufunguo. Sasa nimesimama nje, nagonga mlango wangu mwenyewe!"

"Basi gemu zimekufa?" Mwanaidi aliuliza.

"Hazijafa. Mashine kama hizi zitazidi kuwa tamu, na zitazidi kufungwa. Wataamua wao ucheze nini, lini, na kama nchi yako inahesabika. Kompyuta si tamu hivi. Inakwama, inapata moto, inanguruma kama mashine ya kusaga."

"Kompyuta ni za kuandikia barua za kufukuza watu kazi," Ikram akadakia.

"Nyamaza, wewe. Kompyuta unaifungua kwa bisibisi. Ukitaka kubadilisha kitu ndani, unabadilisha. Na gemu unaweza kuitengeneza mwenyewe humo humo."

"Kutengeneza?" Mwanaidi alimkazia macho. "Sisi?"

"Ulidhani zinaota shambani kama mkonge? Watu wanakaa, wanaiandikia amri. Kitu hiki kikigusa kile, kiruke. Kikianguka, kianze upya. Siku zijazo, dada yangu, anayejua kucheza tu atacheza anachopewa. Anayejua kutengeneza hamwombi mtu orodha."

"Kwa kompyuta ipi, kaka?"

Sajjad alishangaa. "Si mnazo shuleni? Mimi mwenyewe nilisaidia kuzishusha kwenye gari."

Ikram alitazama miguu yake.

Ndiyo, walikuwa nazo. Wazazi waliitwa, wakabeba mchanga na mawe. Mzee Athuman alichoma tofali za chumba kizima kwa kujitolea, na moshi wa tanuri ukamwachia kikohozi cha miezi. Kompyuta zilikuja, watu wakapiga vigelegele, ngoma ikapigwa. Kisha walimu wa kike na akina mama wakafuma vitambaa vyeupe vya maua, kila kompyuta ikavishwa chake, kama tunavyofunika televisheni na migongo ya makochi. Mlango ukafungwa. Tangu hapo watoto waliingia mle kwa kazi moja tu: kufagia. Walivua viatu mlangoni, wakafagia, wakatoka kinyumenyume. Kugusa kitambaa ilikuwa kosa la fimbo.

Unajua kabati la vioo sebuleni kwenu, lenye vikombe ambavyo hujawahi kunywea? Vya wageni. Basi kompyuta zile nazo zilikuwa za wageni.

Wala si jambo jipya. Nakumbuka shule moja iliyopewa hadubini, wakaifungia kabatini mpaka kioo chake kikaota ukungu. Nakumbuka cherehani za kikundi cha akina mama zilizolala chini ya turubai mpaka panya wakatafuna mikanda. Nakumbuka pampu ya maji iliyokaa stoo ikisubiri siku ya kuzinduliwa, na wanawake wakaendelea kuchota mtoni. Sijasahau hata kimoja. Ninyi mmesahau kwa sababu kusahau hakuchoshi.

Kesho yake Mwanaidi na Ikram walikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Godfrey.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mmetumwa na nani?"

"Hatujatumwa, mwalimu. Tunaomba kufundishwa kompyuta."

Mwalimu Godfrey aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Wabaya tungewajua mapema. "Ikiharibika moja, nani ataulizwa? Wewe? Baba yako? Nitaulizwa mimi. Rudini darasani."

Na alisema kweli! Hapa kwetu kikivunjika kitu kinachotumika, mtu anahojiwa mpaka anatoka jasho. Kikioza kitu kisichotumika, hakuna anayeulizwa. Nani basi atakubali kufungua mlango?

Baada ya wiki chache ikaja habari kwamba Bi Shukuru anakuja. Huyu ndiye aliyesimamia ugawaji wa kompyuta zile, na alitaka kuona zinavyotumika. Shule ilichemka kama sufuria. Majani yakafyekwa, mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Wanafunzi nadhifu wakachaguliwa kukaa chumbani, Mwanaidi na Ikram wakiwamo, na Mwalimu Godfrey akawafanyisha mazoezi.

"Mkono juu ya mausi. Macho kwenye kioo. Asibonyeze mtu chochote. Mkiulizwa, semeni: tunajifunza kuandika, kuhesabu na kuchora kwa kompyuta. Haya, wote!"

"Tunajifunza kuandika, kuhesabu na kuchora kwa kompyuta," waliitikia.

Waliufanyia uongo mazoezi mengi kuliko walivyowahi kufanyia hesabu.

Bi Shukuru alifika, mwanamke mfupi mwenye miwani na viatu vya vumbi. Vitambaa vilikuwa vimetolewa na kukunjwa. Kompyuta zilizokubali kuwaka zilionyesha picha ya mlima. Alipita taratibu, akasimama nyuma ya Mwanaidi.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu niandikie jina lako humo."

Mwanaidi alisikia masikio yanapata moto. Mikono yake ilifanya ilichokijua. Akainyanyua mausi kutoka mezani, akaishika hewani kwa mikono miwili kama pedi, vidole gumba juu ya vitufe, akaanza kubonyeza huku akingoja kitu kikimbie kwenye kioo. Hakuna kilichokimbia. Waya ulining'inia. Mtoto mmoja nyuma akaangua kicheko, kisha chumba kizima, isipokuwa Bi Shukuru.

"Ametishika tu, mama," Mwalimu Godfrey aliharakisha kusema. "Mwanaidi, mwambie mgeni mnajifunza nini humu."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo. Maneno aliyakariri, yangetoka yenyewe. Lakini Mwanaidi aliiweka mausi mezani, akasimama.

"Sijatishika, mwalimu. Sijawahi kuitumia. Hakuna aliyewahi. Humu tunafagia tu."

Kicheko kikakatika.

Bi Shukuru hakupiga kelele. Alitoka nje na mwalimu mkuu, na watoto wakamsikia dirishani. "Kuna shule huko Handeni, watoto wamechora vitufe kwenye boksi, wanajifunza kuchapa kwa boksi. Kila nikienda wananiomba. Na ninyi mmezifunika! Muhula ujao nikikuta hali hii, nazihamisha zote."

Unadhani Mwanaidi alipongezwa? Wapi! Habari ilifika Kilole kabla yake. Sokoni walisema mtoto wa Athuman ameiuza shule. Ikram aliitwa rafiki wa msaliti, naye akaanza kukaa dawati lingine. Na nyumbani baba yake alikuwa amekaa sebuleni, hajavua hata nguo za kazi.

"Umenitia aibu mbele ya watu," alisema Mzee Athuman. "Mtoto mwenye adabu huficha aibu ya nyumba."

"Baba, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Zile tofali ulizichoma za nini?"

"Za chumba cha kompyuta, si unajua?"

"Za chumba cha kompyuta au za kompyuta kulala? Ulikohoa mpaka ukatema damu, baba. Mimi nikadhani unanichomea mimi."

Mzee Athuman alinyanyuka, akafungua kabati la vioo, akatoa kikombe cha ua la dhahabu na kujimiminia chai.

"Athuman! Hivyo ni vya wageni!" mkewe alipiga ukelele kutoka mlangoni.

"Wageni gani, mama Mwanaidi? Tangu tuoane vimesubiri wageni. Leo nakunywa mimi." Alikunywa, akatua kikombe kwa kishindo, na hasira aliyokuwa amemwekea binti yake ikapata mahali pake hasa. "Kikao cha wazazi ni lini?"

Kikao kilifanyika wiki iliyofuata, na hakikuwa kikao cha adabu.

"Mtoto mmoja ametuharibia!" alifoka baba mmoja. "Kompyuta zinakwenda Handeni kwa sababu ya mdomo wake!"

"Mdomo wake umesema nini cha uongo?" Mzee Athuman alisimama. "Nani hapa mtoto wake amewahi kuzitumia? Anyanyue mkono."

Hakuna mkono ulionyanyuka.

"Basi zikienda Handeni mtakuwa mmepoteza nini? Vitambaa mtabaki navyo!"

Watu waliguna, wengine wakacheka kwa hasira. Mwalimu Godfrey akasimama, uso umemvimba.

"Mnanicheka. Lakini zikivunjika mtasema Godfrey ameharibu mali ya umma. Nawajua! Mlimsema mwalimu aliyenitangulia mpaka akahamishwa, kwa viti vilivyovunjika tu. Mimi nina watoto pia."

Kila mtu alikumbuka alivyosema siku zile. Mama yake Mwanaidi, aliyefuma vitambaa vingi kuliko wote, ndiye aliyenyanyuka.

"Basi tuseme mbele ya watu wote. Kitakachoharibika watoto wakijifunza ni chetu sote, na mwalimu haulizwi peke yake. Anayekubali asimame, ili kesho asije akageuka. Na mimi vitambaa vyangu navichukua leo."

Walisimama mmoja mmoja, wengine kwa shingo upande, mpaka wote wakawa wamesimama. Mwalimu Godfrey alitoa ufunguo uliokuwa umening'inia shingoni mwake ndani ya shati, akauweka mezani.

Sajjad aliitwa kusaidia. Alikuja na bisibisi na brashi, akawasha kompyuta moja baada ya nyingine. Nyingi ziliwaka. Kadhaa hazikuwaka kabisa. Alifungua ya kwanza mbele ya wanafunzi, na Ikram akaruka nyuma. Nyigu walikuwa wamejenga viota vya udongo ndani, kavu kama chungu. Kwenye ya pili sisimizi walikuwa wametaga. Ya tatu ilikuwa imeota kutu.

"Hizi zimekufa," alisema Sajjad.

"Nani ameziua?" Mwalimu Godfrey aliuliza, lakini sauti ilimwishia njiani. Hakuna mtoto aliyewahi kuzitumia. Zilikufa zikiwa zimetunzwa.

Walianza kwa tabu. Mwanaidi, malkia wa pedi, alitafuta herufi moja moja kama kuku anayedonoa mchele. Ikram alirudi kukaa naye, akasema tu, "Nilikuwa mjinga," na Mwanaidi akamsogezea kiti. Gemu ya kwanza waliyoibuni ilikuwa ya kwao kabisa. Wenzao wengi wanaotoka Makuyuni hukosa shule msimu wa mahindi, wanakaa shambani kufukuza nyani. Basi wakatengeneza shamba, mahindi, nyani, na msichana mwenye manati.

Haikufanya kazi. Nyani walipaa angani. Msichana akazama ardhini. Mara moja mahindi yakamla nyani.

"Acheni hivyo hivyo," alisema Ikram. "Hiyo ndiyo gemu tamu."

Lakini Mwanaidi alikataa. Kila jioni alirudia amri zile, akafuta, akaandika upya. Zamani gemu ikimshinda aliibonyeza tena na tena. Sasa ikimshinda alilazimika kufikiri ni amri gani yeye mwenyewe ameikosea. Ilimuuma kichwa, na hakuiacha.

Muhula uliofuata Bi Shukuru alirudi bila kutangaza. Alikuta viatu vya watoto mlangoni, vumbi la chaki, kelele, na Mwalimu Godfrey mwenyewe amekaa mbele ya kompyuta huku Ikram akimfokea.

"Mwalimu, ruka! Nyani huyo kushoto! Kushoto kwingine!"

Mgeni aliomba kucheza. Nyani walilimaliza shamba lake lote, naye akacheka mpaka akafuta miwani. Kisha akasema, "Hizi zibaki hapa. Sijui bado nitawaambia nini wale wa Handeni. Hizo zilizokufa zingewatosha."

Maneno hayo yalimchoma Mwalimu Godfrey. Alisimama mbele ya wanafunzi, akaongea.

"Wanangu, nilidhani natunza, kumbe nilikuwa nazika. Kitu cha kujifunzia hakitunzwi kwa kumficha anayejifunza. Niliwafundisha uongo, na kama Mwanaidi angeusema siku ile, mgeni angeondoka akitusifu na zote zingefia humu. Ukweli wake ulinidhalilisha, na ninamshukuru. Lakini ukweli pekee haukutengeneza gemu hii. Ameitengeneza kwa kurudia kazi mpaka ikakubali. Mwanaidi, kacheze kwa kaka Sajjad, sikukatazi. Ila usikubali kuwa mchezaji tu maisha yako yote. Mashine iliyofungwa na watu wa mbali hatuna uwezo nayo leo. Iliyofungwa na sisi wenyewe, hiyo ni dhambi yetu."

Basi na wewe usiniambie hadithi imekupendeza. Sikuiandika ikupendeze. Uliza leo, kabla ya kengele ya kutoka. Nenda na mwenzako mmoja, bisha hodi, toa shikamoo, useme wazi: tunaomba kujifunza. Ukifukuzwa, mwambie mzazi wako jioni hii hii, na kikao kikiitwa mshike mkono umpeleke. Funga kitabu. Simama. Nenda!